Werowocomoco haukuwa kijiji cha Pocahontas

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Jamestown, makazi ya Waingereza ya mwaka 1607 huko Virginia, Marekani, niliisoma darasani, kidato cha pili. Nilipofika mlipoandika kwamba John Smith, mmoja wa Waingereza hao, alipelekwa "kijijini kwa akina Pocahontas", msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hicho kijiji hakina jina?"

Jina lipo, na hakikuwa kijiji. Ni Werowocomoco, mji mkuu kwenye ukingo wa kaskazini wa mto York, Virginia. Katika lugha ya Kialgonkwini ya wenyeji, maana yake ni makao ya mtawala. Ndipo alipokaa Wahunsenacah, baba yake Pocahontas, yule ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Makabila kama 30 yalimletea kodi ya mahindi, ngozi na shaba. Smith alifikishwa hapo mateka, Desemba 1607. Kisa cha Pocahontas kumwokoa Smith asiuawe, mlichokipa aya nne nzima, hakimo katika maelezo yake yaliyochapishwa mwaka 1608. Alikuja kukieleza kitabuni mwaka 1624, baba na binti wote wameshafariki.

Kama mlitaka kisa, kipo cha mwaka huohuo wa 1608. Waingereza walileta taji kutoka London ili wamvishe Wahunsenacah, wakamwita aende Jamestown kulipokea. Akakataa: naye ni mfalme, na hii ni nchi yake. Ikabidi Kapteni Newport, nahodha wa meli zao, amfuate Werowocomoco na taji, joho jekundu, beseni na kitanda. Mzee akagoma kupiga magoti. Smith mwenyewe ameandika kwamba walimkandamiza mabegani mpaka akainama kidogo, ndipo wakamvika. Naye akampa Newport viatu vyake vikuukuu na joho lake. Wanafunzi wangu walinifanya niwasomee mara mbili.

Mwaka 1609 alihamia Orapax, bara zaidi, mbali na wageni wale. Mji ukabaki mashamba, na kwa miaka mingi watu wakabishana ulikuwa wapi hasa. Jibu lilitoka kwa mwenye shamba mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake huku akiokota vigae vya vyungu na vichwa vya mishale. Akaviweka, akawaonyesha wataalamu. Uchimbaji ulianza mwaka 2003, na jambo ninalolithamini kuliko yote ni kwamba wanaakiolojia walikaa kwanza na viongozi wa makabila ya Virginia, wakashauriana nao kabla ya kutia koleo ardhini.

Hapo ndipo makala yenu ilipopungukiwa zaidi. Watu walikuwa wakiishi pale tangu mnamo mwaka 1200. Mitaro miwili mirefu iliyochimbwa kwa mikono, karne kadhaa kabla Mwingereza hajafika, ilitenga nyumba za kando ya mto na eneo la ndani. Nyuma ya mitaro hiyo, kama mita 300 kutoka majini, wachimbaji walikuta madoa meusi ya duara udongoni, yamejipanga. Ni alama za nguzo zilizooza. Walipoyafuata doa kwa doa, ikatokea nyumba ya urefu wa mita 22 hivi na upana wa mita 6, inayoaminika kuwa ya mtawala. Karibu yake vilipatikana vipande vya shaba inayofanana na ile ya Jamestown. Basi mtu aliyetoka mtoni kwenda kumwona mtawala hakuwa na njia ila kuivuka mitaro ile. Huo ni mji uliopangwa kwa heshima ya kiti, wala haukumsubiri Smith ili uwe na historia.

Mwaka 2016 shirika la hifadhi za taifa la Marekani liliinunua ardhi hiyo ili ilindwe. Hilo nalo mmeliruka.

Naomba toleo lijalo mliandike jina hilo kamili, Werowocomoco, na mseme pia kwamba wenyewe wapo. Wapamunkey na Wamattaponi wangali wanaishi kwenye ardhi yao, kando ya mito miwili inayokutana na kuwa mto York.

Mwalimu wa historia,
Tanga