Mheshimiwa Waziri, tuambiwe data zetu zinapita wapi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,
Dodoma.

YAH: NJIA ZA INTANETI NA HAKI YA MTEJA KUZIJUA

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Mwanza.

Kazi yangu ni kufunga na kutunza mitandao ya maofisi. Mteja wangu mmoja ana famasia mbili, moja Kirumba na nyingine Nyakato. Alichukua intaneti kwa watoa huduma wawili tofauti, duka hili huyu na duka lile yule, ili mmoja akikatika walau duka moja libaki hewani. Jumapili ya 12 Mei 2024 yote mawili yalizima kwa pamoja. Nilimkuta mfamasia wa Nyakato akiandika mauzo kwenye daftari, na mama aliyefuata dawa ya kisukari akaambiwa haipo. Dawa ilikuwepo Kirumba, ila mfumo wa stoo ulikuwa haufunguki.

Mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya zinazobeba intaneti chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Februari ya mwaka huohuo Seacom ilishakatika upande wa kaskazini, kwenye Bahari ya Shamu, hivyo mzigo mwingi wa data ulikuwa umehamia kusini. Hilo nililielewa. Lililonisumbua ni Kirumba na Nyakato: bahari ya Msumbiji inawahusu nini?

Jibu nililipata mwezi uliopita, mteja huyo aliponiita kwa sababu mfumo unajivuta. Nikafuatilia safari ya data ruta kwa ruta, yaani kila kifaa kinachozipokea na kuzipitisha mbele, na muda wa kwenda na kurudi. Hadi Dar es Salaam zilikuwa milisekunde 19. Ruta iliyofuata ikasoma zaidi ya 160, na jina lake lilibeba herufi za Marseille. Data za Kirumba zilivuka bahari hadi Ufaransa, zikageuza, ndipo zikarudi Nyakato.

Mheshimiwa, huo si uzembe wa fundi. Ni hesabu ya biashara. Mtoa huduma hununua njia ya nje kwa wauzaji wa jumla. Matumizi hupimwa kila dakika tano. Mwisho wa mwezi vipimo vya juu kabisa, asilimia 5 ya vipimo vyote, huwekwa kando, na kipimo kinachofuata ndicho bili. Kwa hiyo mzigo husukumwa kwenye njia ya bei nafuu mpaka ikaribie kujaa, na njia ya akiba hununuliwa nyembamba, maana akiba inalipiwa kila mwezi hata isipotumika. Watoa huduma wawili wasipobadilishana data hapa nyumbani, au wakifanya hivyo kwa kiungo chembamba kilichojaa, data za wateja wao zitakutania Ulaya. Siwalaumu kwa kubana matumizi. Lakini mteja hakushirikishwa katika hesabu hiyo, na hasara ikija ni yake.

Dar es Salaam kipo kituo ambapo watoa huduma huunganisha mitandao yao na kubadilishana data, TIX. Jirani zetu Kenya wametuonyesha kituo cha namna hiyo kikitumiwa sawasawa kinaleta nini: mwaka 2012 kama asilimia 30 ya data zao ndizo zilizopatikana ndani ya nchi, na kufikia 2020 zilikuwa asilimia 70. Tathmini ya mwaka huo ilikadiria kuwa kituo chao kinawaokolea watoa huduma dola milioni 6 kwa mwaka. Yaani hapo unafuu wa bei na kasi vinakwenda pamoja.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba masharti ya leseni yamtake kila mtoa huduma abadilishane data za ndani hapahapa nchini, kwa kiungo kinachotosha mzigo wake. Pia atangaze njia zake za nje zinapita mikongo ipi, na ule mkubwa ukikatika, zilizobaki zitabeba kiasi gani cha mzigo wake wa kawaida. Asitaje bei alizonunulia. Hiyo ni siri yake ya biashara.

Najua akiba ya kweli ina gharama na bili itapanda kidogo. Nimemuuliza mwenye famasia, amesema atalipa. Asichokubali ni kulipa bili mbili kila mwezi, halafu agundue siku ya kukatika kwamba zote zilikuwa zinategemea mikongo ileile.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi mitandao, Mwanza