Paa au mtaro kwanza? Na majirani wanasubiri nivute bomba peke yangu

Dada Mshauri, salamu kutoka Buswelu, Ilemela.

Nyumba yetu imefika lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ni vyumba vitatu, sebule na jiko, kwenye kiwanja kilichopimwa cha mita 20 kwa 30. Kibali cha ujenzi tunacho, michoro ina muhuri, na hakuna fundi anayetudai. Kinachotunyima usingizi mimi na baba watoto kiko nje ya bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja: mtaro wa mbele, kalavati (kidaraja cha kuvukia mtaro) la kuingilia, bomba la maji na nguzo za umeme. Naamini tuko wengi tulio katika hali hii, kwa hiyo naomba unisikilize kwa kirefu kidogo.

Masharti tuliyopewa yanaeleweka. Maji ya mvua yasiachwe yakatiririkia barabarani, pa kuingilia gari pawekwe kalavati badala ya kujaza kifusi kwenye mtaro, na choo kiwe na shimo la majitaka pamoja na shimo la kunyonya, yote ndani ya kiwanja. Sina ugomvi nayo. Anayeishi Mwanza anajua mvua inavyoshuka kutoka kwenye miamba. Mwamba haunywi maji, kwa hiyo yanateremka yote kwa mara moja, yanabeba mchanga na mawe, na asubuhi barabara ya mtaa imekuwa korongo. Mtaro ni lazima. Swali langu ni pesa, na ni nani anayeitoa.

Hesabu zetu ziko hivi. Mkononi tuna milioni 11 na nusu. Paa, yaani mbao za kenchi, bati, misumari na ufundi, ni milioni 8.2. Mtaro wa mawe wa mita 20 na kalavati lenye kingo zake ni milioni 3.1. Mashimo ya choo ni milioni 2.4, na hapo fundi ametahadharisha kwamba akikuta mwamba bei itapanda. Maji ni milioni 2.6. Umeme unakaribia laki saba. Watu husikia 27,000 wakadhani ndiyo bei ya kila mahali, kumbe hiyo ni ya vijijini. Mjini, umeme wa njia moja kwa aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo ni shilingi 320,960, na sisi tunahitaji nguzo. Ukijumlisha yote unapata milioni 17. Tumepungukiwa milioni 5 na nusu, na hapo sijagusa lipu, milango wala madirisha.

Baba watoto anasema tupaue kwanza. Ana sababu nzito. Tunapanga Nyakato, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kila tunapoilipa tunaona bati zetu zinaondoka. Anasema tukishapaua tunahamia hata sakafu ikiwa ya jamvi, yaani zege tupu, halafu mtaro na maji tunavifanya polepole kutoka ndani ya nyumba yetu. Kuhusu maji anaongeza kwamba chanzo kipya cha Butimba, cha lita milioni 48 kwa siku, kimekuja kuusaidia mtambo wa Capri Point, basi mabomba yatatufikia yenyewe tukisubiri.

Mimi nasema tuanze na vya chini. Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko. Tukipaua, maji yote ya bati yataangukia uwanja usio na mtaro na kuchimba pembeni mwa msingi. Tena kuna jambo la mpangilio ambalo naona mafundi wengi hawalisemi hadi limeshaharibika: bomba la maji lazima lipite chini ya mtaro na chini ya barabara. Ukijenga mtaro leo na kuvuta maji mwakani, utauvunja mtaro wako mwenyewe. Nimependekeza tulaze sasa hivi bomba pana tupu chini ya mtaro, ili siku ya kuvuta maji tupitishe tu bomba dogo ndani yake. Na kukatiza barabara kunahitaji ruhusa ya wanaoisimamia, ambao kwa barabara za mitaa ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na lazima urudishe udongo na kushindilia. Hiyo ni gharama ambayo fundi bomba hakuiweka kwenye karatasi yake. Mimi ndiye niliyeuliza.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, nacho ni majirani.

Bomba kubwa la mamlaka ya maji linaishia mita 130 kutoka kwetu. Katikati kuna viwanja vitatu: kimoja kina nyumba na familia inayonunua maji ya boza, viwili vina misingi tu. Juu yetu kuna mzee mmoja mstaafu aliyehamia zamani, ambaye tunamheshimu kama baba. Jumla ni kaya tano zitakazotumia njia hiyohiyo. Tungegawana milioni 2.6 kwa watano, kila mmoja angetoa 520,000. Nilimwomba mwenyekiti wa mtaa atuitishe, akatuitisha vizuri. Wenye misingi hawakuja, mmoja kwa simu alisema yuko Geita na atajenga "Mungu akijalia". Mwenye nyumba alisema atachanga akivuna. Mzee alisema, kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe vuta tu, sisi tutaunga."

Dada, sentensi hiyo imenikaa kichwani. Fundi bomba ameniambia kwamba nikiweka bomba la inchi moja litanitosha mimi peke yangu kwa milioni 1.7. Nikiweka la inchi mbili linaloweza kuhudumia kaya zote, ndiyo hiyo milioni 2.6. Kwa maneno mengine, laki tisa ya ziada natoa kwa ajili ya watu ambao hawajatoa hata shilingi. Tena anasema likishakabidhiwa kwa mamlaka si langu tena, na mwombaji yeyote anaweza kuunganishwa. Nikiweka dogo, nitaonekana mchoyo mtaa mzima, na baada ya miaka michache barabara itachimbwa tena na tena, kila mtu na kamba yake ya bomba. Tumeshaiona hali hiyo mitaa mingine, mabomba yako juu ya ardhi kama mizizi ya mkuyu, gari likipita linakanyaga na maji yanamwagika wiki nzima.

Mtaro nao una shida ileile. Mita 20 zinazoanzia kwenye bikoni yangu na kuishia kwenye bikoni yangu zitakusanya maji ya mlima mzima na kuyamwaga kwa nguvu kwenye kiwanja cha jirani wa chini, yule anayenunua maji ya boza. Ana watoto wadogo. Siwezi kujenga kitu kinachonilinda mimi na kumbomolea yeye. Lakini kuupeleka mtaro hadi kwenye korongo kunahitaji mita nyingine nyingi, na hizo ziko mbele ya viwanja vya watu. Kule milimani Igogo na Mabatini watu waliwekewa mabomba madogo ya majitaka yanayopita kati ya nyumba hadi nyumba, na yalifanikiwa kwa sababu kila kaya ilikubali yapite kwake. Huku kwetu hata kukubaliana mtaro upite wapi hatujafika.

Kuna jambo jingine la kipato ambalo washauri wengi hawalihesabu. Mshahara wa mume wangu, ambaye ni mwalimu, unajulikana. Wangu unafuata mwezi wa angani. Ninauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mbalamwezi ikishika, wavuvi wanapumzika kwa sababu taa hazivuti dagaa, mzigo unapungua na mtaji unakaa. Giza likirudi ndipo pesa inaonekana. Kwa hiyo sipangi bajeti kwa mwezi wa kalenda, napanga kwa giza. Kikoba chetu kiko tayari kunikopesha milioni 3, lakini marejesho ni ya kila wiki, na wiki za mbalamwezi zitanibana vibaya.

Ninayotaka kuuliza ni haya. Kwa mjenzi mwenye pesa pungufu, je, ni busara kupaua nusu ya nyumba, yaani vyumba viwili, tuhamie, na pesa inayobaki iende kwenye mtaro na kalavati? Fundi anasema kenchi zinaweza kukatwa hivyo, baba watoto anahofia kiungio kitavuja. Waliowahi kufanya watuambie ukweli.

La pili, kuhusu majirani: je, mtu anaweza kuandikishana nao mbele ya mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kwamba atakayeunga baadaye atarejesha sehemu yake kwa aliyetangulia? Karatasi ya namna hiyo ina nguvu, au inabaki kuwa ahadi tu? Na nimwambieje mzee wetu bila kumvunjia heshima? Nimefikiria kumwomba yeye awe ndiye anayeitisha kikao kijacho, kwa kuwa wenye misingi watamsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi, lakini naogopa aone namtuma kudai pesa ambayo yeye mwenyewe hajatoa.

La tatu ni akiba. Kwa ujenzi wa kwenye mwamba kama huu wetu, mnatenga kiasi gani pembeni kwa ajili ya kazi za chini ya ardhi? Fundi wa mashimo anasema niongeze robo, wa bomba anasema theluthi. Sitaki kuchimba nusu mtaro halafu niuache wazi watoto watumbukie.

Mwisho, kama yupo mhandisi anayesoma hapa: shimo la kunyonya kwenye mwamba ambao haunywi maji linasaidia kweli, au ni heri pesa hiyo niiongeze kwenye shimo kubwa moja, nitakaloliweka upande wa barabara ili gari la kunyonya majitaka lifike?

Fundi wa kenchi anataka kianzio kabla ya mvua za Machi, na nimemwomba anisubiri hadi nipate majibu yenu.

Mama wa Watatu,
Buswelu, Mwanza