Presha ya Mzee Imeruka na Dawa Anameza: Usikimbilie Kidonge cha Pili

Wiki nzima presha imetulia kwenye 138 kwa 80, kisha jioni moja mashine inaonyesha 192 kwa 104. Nyumba inataharuki, na kuna anayenyoosha mkono kwenye mfuko wa dawa ampe mzee kidonge kingine. Tunaomba mkono huo urudi kwanza. Katika huduma yetu ya uuguzi wa nyumbani, swali la kwanza halihusu dawa. Tunauliza: mzee mwenyewe yukoje?

Akiwa na maumivu ya kifua, anapumua kwa shida, macho yamepoteza nuru ghafla, amechanganyikiwa, au kichwa kinauma kwa namna asiyoizoea, na namba ya juu imefika 180 au ya chini 120, hiyo ni dharura. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Dalili za kiharusi, yaani uso kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kukorogeka, hazingoji namba yoyote. Andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu daktari ataiuliza kabla ya kuamua matibabu. Msimpe chakula, maji wala kidonge, maana huenda kumeza kwenyewe kumeathirika na kitu kikaingia kwenye njia ya hewa.

Asipokuwa na dalili hata moja, mna nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu.

Pima upya, safari hii kwa utaratibu

Mpelekeni chooni kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha presha, na kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, mkojo uliokwama unaweza kuwa ndicho chanzo chenyewe. Kisha akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane, atulie dakika 5 bila kuzungumza. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Ukining'inia pembeni unaweza kupandisha kipimo kwa 10 hivi, na maongezi nayo yana uzito kama huo. Kahawa, sigara au kazi ya nguvu ndani ya nusu saa iliyopita huharibu kipimo pia.

Mkanda uvaliwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Pima kwa futi ya fundi cherehani unene wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, halafu linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo, na kosa hili linawatia watu wengi hofu ya bure. Chukueni vipimo 2, vikipishana kwa dakika moja. Mapigo ya moyo yakiwa hayafuatani vizuri, chukueni 3, kwa kuwa mashine za kujipima huyumba kwenye moyo wa namna hiyo.

Namba ya juu ikibaki 180 au zaidi, au ya chini 120 au zaidi, baada ya hayo yote, mpigieni daktari wake siku hiyo hiyo hata kama mzee anajisikia vizuri.

Rudini nyuma siku mbili kutafuta chanzo

Mishipa ya mzee imekakamaa, na mfumo unaorekebisha presha mwili ukibadilika mkao au ukipata mshtuko umepungua kasi. Ndiyo maana maumivu ya goti, usiku bila usingizi, hofu au choo kigumu, mambo ambayo kijana asingeyahisi kwenye presha, kwake huonekana mara moja kwenye namba ya juu.

Ila chanzo tunachokichunguza kwa makini zaidi ni vidonge. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na hupunguza nguvu ya dawa kadhaa za presha. Dawa za mafua zenye sudoefedrini hubana mishipa. Predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, hupandisha presha. Hata parasetamoli ya kuyeyusha kwenye maji ina sodiamu nyingi, ile ile iliyomo kwenye chumvi, ilhali mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku kutoka vyanzo vyote.

Halafu kuna dozi iliyorukwa. Ulizeni kwa upole, bila kumhoji kama mtuhumiwa. Wazee wengi huacha kidonge cha kukojoza siku wanayotoka, wakichelea kutafuta choo njiani, na wanaona haya kulisema. Madhara hutegemea dawa. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo dozi moja iliyosahaulika haileti mtikisiko mkubwa. Kaptoprili huisha mapema. Klonidini ndiyo ya kuogopwa: ikikatwa ghafla, presha inaweza kurudi juu kwa kishindo ndani ya siku moja au mbili. Atenololi na propranololi nazo haziachwi ghafla. Moyo hukimbia na kifua kinaweza kuuma. Dawa hizi zikibaki za siku chache, nunueni nyingine kabla hazijaisha.

Kwa nini basi tunapinga kidonge cha ziada? Ubongo uliozoea presha kubwa kwa miaka umejipanga kupitisha damu kwa nguvu hiyo. Presha ikiporomoshwa kwa dakika chache, damu inayofika kwenye ubongo na moyo hupungua, na kiharusi mlichokuwa mnakikimbia kinaweza kutokea kwa njia hiyo. Hatari hii ndiyo iliyofanya nifedipini, dawa nyingine ya presha, ya kutobolewa na kudondoshwa chini ya ulimi ipigwe vita na madaktari. Vidonge vya nifedipini vya kuachia dawa polepole navyo visisagwe wala kutafunwa, hata kama mzee anapata shida kumeza. Mwambieni daktari abadilishe aina. Tena amlodipini iliyoongezwa leo huchukua takriban wiki moja kufikia nguvu yake kamili, kwa hiyo kuirundika jioni moja hakuleti nafuu mnayoitaka.

Tukifika nyumbani, tunapima mikono yote miwili, kisha tunampima akiwa amekaa na tena dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, daktari anapaswa kulijua hilo kabla ya kuongeza dozi, la sivyo mzee anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Kipimo hiki husahaulika sana, na kwetu hakirukwi.

Kabla hatujaja, wekeni mezani kila anachokimeza: vidonge vya hospitali, vya dukani, vya mitishamba, hata vile alivyopewa na jirani. Pia anzeni daftari la siku 7: vipimo 2 asubuhi kabla ya dawa, 2 jioni, pamoja na saa aliyomeza. Tunaacha vipimo vya siku ya kwanza na kukokotoa wastani wa vilivyobaki. Wastani wa nyumbani ukiwa 135 kwa 85 au zaidi, tunampelekea daktari wake daftari hilo pamoja na orodha ya dawa, na yeye ndiye anayeamua dozi.