Kwa wanangu mnaohamia Kivinje na watoto wenu

Wanangu,

Nasikia familia kadhaa mnafungasha kutoka Dar es Salaam kuja kuishi huku Kilwa Kivinje. Karibuni sana. Mimi nilishuka Nangurukuru mwaka 1986 na watoto wawili na godoro moja, baada ya kulala Ndundu siku mbili tukisubiri kivuko cha Rufiji. Nyie, tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe 2003, mnafika siku hiyohiyo.

Nawasihi jambo moja: mwaka wa kwanza msinunue ardhi, pangeni. Ipite kusi, ipite kaskazi, muone masika maji yanatuama wapi na kiangazi kisima kipi kinakuwa cha chumvi. Dalali atawapeleka kwenye kiwanja cha ufukweni saa tano asubuhi, maji yamekupwa, na kitawapendeza. Rudini siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa kumi jioni mkitazame tena. Sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu kujenga makazi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Na mkitaka shamba vijijini, nendeni kwenye halmashauri ya kijiji. Karatasi ya dalali na shahidi mmoja haitawafikisha popote.

Bahari yenyewe, wanangu, ndiyo inayoninyima usingizi nikiwafikiria watoto wenu. Hapa kwetu bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na ufuo wetu ni tope tambarare, kwa hiyo maji yakikupwa yanakwenda mbali kweli. Mwanangu wa pili, akiwa na miaka saba, aliyafuata akiokota makombe. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Sikujua kwamba maji yakijaa hayaji kwa mbele tu: huingia kwanza kwenye vijito vya mikoko, yakapita nyuma ya mtu, naye bado amesimama pakavu. Nilipoinua macho nilimwona mama mmoja anakuja, maji kifuani, ndoo kichwani, mwanangu mgongoni amemkaba shingo. Alimtua mlangoni kwangu, akakamua kanga yake, akaniuliza, "Mwenzangu, hukumuuliza mtu?"

Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka kwangu. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu na sikujua jina lake.

Kwa hiyo pigeni hodi. Wiki ya kwanza nendeni kwa mjumbe, kisha nyumba kwa nyumba pande zote mbili, na watoto waamkie: shikamoo huku haijachakaa. Pakiwa na msiba, mama achukue kanga akakae na wenzie, baba aende makaburini, hata kama marehemu hamkumfahamu. Desemba shule zikifungwa mtasikia ngoma hadi alfajiri. Ni watoto wanatoka jandoni na unyagoni. Msikimbilie kwa mtendaji kulalamika. Mkialikwa, nendeni na zawadi.

Wapelekeni pia watoto Mwembe Kinyonga, hapahapa Kivinje, waambiwe kwamba Wajerumani walimnyonga pale Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana nao, mwaka 1895. Wenzao darasani wanaijua habari hiyo tangu wadogo.

Yule mama bado yupo, na ukiniuliza ratiba ya maji nitakutuma kwake. Mkishafika ulizieni kwa mama mkunga, ndiye mimi, nami nitawapeleka kwa mama huyo siku hiyohiyo, kabla hamjashusha vyombo.

Mama yenu,
Kivinje