Barua ya malalamiko: taa ya presha ya matairi mliyoiziba kwa tepu

Kwa Meneja Mkuu na uongozi wa kampuni,
Brooklyn Park, Minnesota.

YAH: KUFUNGIWA MATAIRI YA BARIDI BILA KUSAJILIWA SENSA, KUTOZWA KAZI ISIYOFANYIKA, NA KUDHALILISHWA KAUNTANI

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho mlichotumia kutuita. Tangazo lenu linazunguka kwenye magrupu ya Wakenya na Watanzania wa hapa, na linaahidi matairi ya baridi, rimu, sensa (vifaa vidogo vya ndani ya rimu vinavyopima presha ya tairi na kuituma kwa kompyuta ya gari) na usajili wake kwa bei moja. Utaratibu wa kazi yenu mnaujua kuliko mimi, sitawachosha nao. Nataka mjue kilichofanyika kwenye Toyota yangu, na zaidi ya hapo, kilichofanyika mbele ya kaunta yenu.

Niliporudi kwenu kulalamikia taa ya presha ya matairi, msimamizi wenu wa zamu alichukua ufunguo, akaingia ndani ya gari langu, akakata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akakibandika kwenye kioo cha dashibodi juu ya taa ya presha ya matairi. Akarudi ndani, akautupa ufunguo kaunta, akasema kwa sauti iliyofika hadi viti vya kusubiria: "Mzee, taa si hiyo imezima? Nenda nyumbani." Watu wakacheka. Mafundi wenu wakacheka.

Sasa turudi kwenye taa yenyewe, maana mafundi wenu walikosea hapo na hawakutaka kuambiwa. Taa hiyo ikiwaka na kutulia, upepo umepungua. Ikipepesa baada ya kuwasha gari, dakika moja hadi moja na nusu, ndipo ikatulia ikiwa imewaka, maana yake mfumo hauzisikii sensa. Huo si utashi wa Toyota. Kiwango cha usalama cha shirikisho namba 138 ndicho kinachotaka taa ipepese sekunde 60 hadi 90 pale mfumo unapokuwa na kasoro. Taa yangu ilikuwa inapepesa. Nililisema hilo waziwazi, nikaomba mtu aje aitazame nikiwasha gari. Hakuna aliyenyanyuka. Nikajibiwa: "Ni baridi tu hiyo, tunaongeza upepo."

Kuhusu baridi naomba tuelewane. Baridi inapunguza presha, hilo sibishi: kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 za Farenhaiti, yaani karibu 5.6 za Selsiasi, tairi hupoteza takriban psi 1 (pauni moja kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha). Mkijaza psi 33 ndani ya karakana yenu yenye joto la nyuzi 18 za Selsiasi, gari likalala nje kwenye hasi 20, asubuhi mtakuta psi 27 au chini kidogo. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataka 33, na sheria inataka taa iwake presha ikishuka robo, yaani kwenye 25 hivi. Kwa hiyo fundi anayejali hupima matairi yakiwa yamepoa nje kwa saa kadhaa, au huongeza psi za kufidia tofauti ya joto. Lakini taa ya upungufu wa upepo haipepesi. Inawaka tu na kutulia. Aliyesomea kazi hii anajua tofauti hiyo kabla hajashika jeki.

Fundi wenu alijaza psi 44 kila tairi, kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, ambacho si kipimo cha kuendeshea gari hili. Tairi lililojaa hivyo hukanyaga barabara kwa kitovu tu, kingo zikaelea. Kwenye barafu hiyo ni hatari: breki zinachukua nafasi ndefu zaidi, usukani unakuwa mwepesi, na katikati ya tairi kunalika mapema. Nimelipia mpira laini na kashata (vipande vya uso wa tairi) zenye mikato midogomidogo ili zishike theluji, nanyi mmezinyima nafasi ya kuigusa barabara. Na taa iliendelea kupepesa vilevile, kwa sababu upepo haukuwa tatizo tangu mwanzo.

Mtasema siku ya kwanza gari lilitoka kwenu taa ikiwa imezima. Ni kweli, na sababu yake ndiyo inayonikasirisha zaidi. Matairi yangu ya kiangazi mliyapakia kwenye buti, nyuma ya kiti, sensa zikiwa ndani ya rimu zake. Sensa za Toyota hii hutuma taarifa hata gurudumu likiwa limelala. Kompyuta ya gari ilikuwa na namba za sensa zilezile za kiangazi, ikazisikia kutoka kwenye buti, ikaridhika. Gari lilikuwa linapima presha ya matairi yaliyobebwa kama mizigo, huku yale manne yanayokanyaga barabara yakiwa hayapimwi na chochote. Matairi yaliposhushwa na kuwekwa ghalani, gari likatembea kidogo, taa ikaanza kupepesa, kama inavyopaswa.

Siku ile ya kwanza fundi alibonyeza pia kitufe cha chini ya usukani hadi taa ikapepesa taratibu mara tatu, akaniambia, "Nimeshazisajili." Hapana. Kitufe kile hakisajili sensa. Kinaiambia kompyuta ikariri presha ya wakati huo, kutoka kwa sensa ambazo tayari inazijua, iwe ndiyo kipimo cha kulinganishia. Kwa hiyo alichokariri ni presha ya matairi yaliyo kwenye buti. Kusajili ni kuchomeka mashine kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi na kuandika namba za sensa mpya nne ndani ya kompyuta. Yapo magari yanayojifunza yenyewe yakitembea, na yapo yanayojifunza yakiwa yamesimama, fundi akizunguka na kifaa gurudumu kwa gurudumu. Toyota yangu haimo katika hayo. Na ankara yenu ina mstari unaosomeka wazi: usajili wa sensa 4. Mmenitoza.

Gareji nyingine imesoma gari. Sensa mpya zote nne ni nzima, betri zake nzuri, masafa ni megahezi 315 kama gari linavyotaka. Kompyuta bado ina namba nne za kiangazi. Yaani kilichokosekana ni kazi ya dakika chache, ile ile mliyokwisha kunitoza.

Kwa ajili ya hiyo kazi ya dakika chache, mtu wenu aliona afadhali achukue tepu. Nalisema tena kwa sababu sijui kama mmelielewa. Nilikuwa nimesimama kaunta, nimevua kofia, naeleza kwa utaratibu kwamba taa inapepesa, haijatulia, na kwamba tofauti hiyo ina maana. Alinikatiza. Hakuniuliza gari la mwaka gani, hakuita mwenye mashine ya kusomea. Alinyoosha mkono kudai ufunguo kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Nilimwona kupitia kioo akiingia na viatu vyenye chumvi na grisi, akaikata tepu kwa meno, akaibandika, akaipapasa kwa kidole gumba ili ishike vizuri. Kipande kilikuwa kipana, kikafunika na taa ya jirani, ile inayoonya gari likianza kuteleza. Huku nje ni Desemba, barabara ina barafu. Halafu akarudi akiwa anatabasamu, akasema maneno yale, "Mzee, taa si hiyo imezima?" mbele ya watu wanaonifahamu kanisani, wanaonisalimia shikamoo. Mmoja wa mafundi akaongeza kwamba wazee husumbuliwa na vitaa. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyesema samahani. Gundi ya tepu ile bado imeganda kwenye kioo cha dashibodi.

Sikuomba upendeleo. Kazi hii ina mpangilio wake, na fundi yeyote wa matairi hapa Minnesota anaujua. Kabla gari halijainuliwa, kifaa cha mkononi kinapitishwa karibu na valvu ya kila gurudumu, namba ya kila sensa inasomwa na kuandikwa pamoja na hali ya betri. Sensa mpya zinasomwa kabla tairi halijavalishwa rimu, kwa sababu ukigundua mbovu baadaye itabidi tairi livuliwe upya. Kisha namba mpya zinaingizwa kwenye kompyuta, au, kama sensa ni za kuprogramiwa, zinapewa namba zilezile za kiangazi ili gari lisione tofauti ya seti moja na nyingine. Presha inawekwa kama kibandiko kinavyosema, kitufe kinabonyezwa baada ya hapo na si kabla, halafu gari linaendeshwa kama dakika 20, matairi ya zamani yakiwa yamebaki karakanani. Hapo ndipo mteja anapewa ufunguo.

Kuna na mengine ambayo nisingeyataja kama mngenisikiliza. Valvu za sensa zangu ni za alumini, na mmeziwekea pini (kile kipande cha ndani ya valvu kinachozuia upepo) za shaba na vifuniko vya chuma. Kwa chumvi inayomwagwa kwenye barabara zetu, metali hizo mbili hulana, pini hukwama ndani, na siku ya kuitoa valvu inakatika na sensa inakwenda nayo. Panapotakiwa ni pini iliyopakwa nikeli na kifuniko cha plastiki. Nati za magurudumu zilikazwa kwa mashine ya upepo bila spana ya kupimia, wakati gari hili linataka Newton-mita 103, na hakuna aliyeniambia nirudi zikaguliwe baada ya maili 50 hadi 100. Nati za rimu mpya hulegea. Kila karakana huandika hilo kwenye risiti, isipokuwa yenu.

Haya ndiyo ninayoyataka. Sensa za baridi zipewe namba za sensa za kiangazi, bila malipo, nikiwa nimesimama pale naangalia, nipewe na karatasi ya usomaji wa sensa zote nane. Pini na vifuniko vibadilishwe. Nati zikazwe kwa kipimo. Gundi isafishwe bila kukwaruza kioo, na kikikwaruzika mkibadilishe. Mnirudishie fedha za usajili.

Lakini nikilifikiria lile la kaunta, naona kurudishiwa mstari mmoja wa ankara hakutoshi. Nataka gharama yote ya ufundi irudishwe, pamoja na nilichomlipa aliyesoma gari baada yenu. Nataka pia msimamizi yule aniombe radhi pale pale kaunta, saa za kazi, kwa sauti ile ile aliyoitumia. Barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na mtu wa ofisini ambaye hakuwepo sitaipokea.

Na kama mnafikiri hili ni jambo la mzee na kitaa chake, someni kifungu cha 30122 cha Jalada la 49 la sheria za Marekani. Kinakataza biashara ya kutengeneza magari kukiondolea uwezo, kwa kujua, kifaa chochote kilichowekwa ili kutimiza kiwango cha usalama. Taa ile ni sehemu ya kiwango namba 138. Mtu wenu alijua ni taa ya tahadhari, alijua haijatengenezwa, akaiziba kwa mkono wake mbele ya mashahidi. Tepu ninayo, picha ninazo, na ankara inayosema usajili umefanyika ninayo.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa wiki mbili. Nimebadili nia: gari linaendeshwa kwenye barafu kila siku, na kosa si langu. Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, malalamiko yanakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, kitengo cha walaji, na kwa mamlaka ya usalama barabarani ya shirikisho, NHTSA, na nitafungua shauri kwenye mahakama ya madai madogo ya kaunti ya Hennepin. Huko sitadai ufundi peke yake. Nitadai seti nzima: matairi manne, rimu nne, sensa nne, na kuvalisha. Tangazo lenu la Kiswahili nitalijibu kwenye magrupu yale yale mnakolitangaza, ankara na picha ya tepu zikiwa chini yake, ili wenye magari ya aina hii wajue wakague nini kabla ya kuondoka kwenu.

Simu sitapokea. Jibuni kwa barua, yenye sahihi ya meneja na tarehe ya miadi, na siku hiyo mwenye mashine ya kusajili awepo kazini.

Wenu mteja,
(sahihi)

Viambatisho: nakala ya ankara, picha za dashibodi ikiwa na tepu na baada ya kubanduliwa, karatasi ya usomaji wa sensa kutoka gareji nyingine.