Mtego wa koyote wakati wa theluji: unalipia nini siku ambazo hajanaswa

Kila Januari sisi tunaowategea wafugaji koyote, wale wanyama wa mwituni wa jamii ya mbwa wanaovamia mifugo, tunapigiwa simu ile ile. Mfugaji ameangalia bili, amehesabu siku, na swali lake ni hili: "Wiki nzima hamjanasa kitu, mbona mnanidai?" Msimu huu mzee mmoja wa Kikenya anayefuga mbuzi kusini mwa Minneapolis alifika mbali zaidi. Aliwaambia wenzake kanisani kwamba tumekula pesa yake. Mzee tunamheshimu, na hasira ya mtu aliyekuta vitoto vitatu vya mbuzi vimekufa ndani ya zizi tunaielewa. Lakini maneno yakishasambaa hayarudi, kwa hiyo tumeona tueleze wazi kazi hii inavyokwenda hapa jimbo la Minnesota, Marekani, baridi ikishashika.

Mtego hautegwi ukaachwa. Sheria ya jimbo inataka mtego wa nchi kavu unaoweza kumnasa mnyama anayelindwa ukaguliwe angalau mara moja kila siku. Hata sheria isingesema, sisi tungekwenda, kwa sababu mnyama aliyenaswa hatakiwi kuteseka kwenye baridi, na mbwa wa jirani akinaswa ni lazima afunguliwe mapema. Kwa hiyo gari linatoka asubuhi hata kipimajoto kikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Ankara yako inahesabu safari hizo, si koyote walionaswa tu.

Adui mkubwa wa mtego hapa si ujanja wa koyote, ni maji. Mchana jua likipiga, theluji inalainika na maji yanapenya hadi chini ya kile kibati cha katikati anachokanyaga mnyama. Usiku yanaganda. Asubuhi ukitazama kwa juu kila kitu kiko sawa, lakini mtego umeshikwa na barafu, na koyote akikanyaga anapita zake. Njia tunayoiamini ni udongo wa nta. Julai na Agosti tunachekecha udongo mkavu, tunautandaza juani juu ya plastiki nyeusi, tunamwagia vipande vya nta na kugeuza kwa reki mpaka kila chembe iwe imepakwa. Udongo huo haunywi maji, kwa hiyo haugandi. Unakaa kwenye ndoo hadi msimu, na mtego mmoja unakula karibu ndoo nzima. Wanaotuambia kwamba tungemwaga chumvi tu ili pasigande tungeokoa hela, tunawaonyesha mitego iliyowahi kutiwa chumvi: springi zimeliwa na kutu.

Halafu kuna kuulaza mtego. Shimo linachimbwa kwa umbo la mtego wenyewe, na udongo unashindiliwa kwa vidole pembeni mwa kila taya, mpaka ukibonyeza upande wowote usitikisike hata kidogo. Ukitikisika, koyote anahisi chini ya kidole kabla hajafika kwenye kibati. Anarudi nyuma, anafukua kwa upande, anauacha mtego wazi juu ya theluji, na mara nyingine anaacha kinyesi hapo hapo. Huyo ameshasoma. Kumpata tena kunachukua wiki nyingi.

Na hapo ndipo wateja wengi wanapojiumiza. Kuna ndugu mmoja Mkongo alinunua mitego ya bei nafuu, akaitoa kwenye boksi na mafuta yake ya kiwandani, akaifunika kwa theluji kwenye kila njia aliyoona nyayo. Alitaka kuokoa ada yetu ya Desemba. Alipotuita Februari, koyote wa pale walikuwa wanazunguka kila mahali penye harufu ya chuma au ya mkono wa mtu. Mitego yetu huchemshwa, ikapakwa nta, ikashikwa kwa glavu za mpira tu. Hata hivyo ilibidi tuhamie kwenye ukingo wa shamba la jirani, kwa ruhusa yake, tuanze upya. Alilipa zaidi ya alichokimbia.

Suala la ardhi ni fupi. Ukituita Oktoba, tunachimba mashimo na kuzika nanga za kebo zinazoushikilia mtego ardhini, udongo ukiwa laini. Ukituita Januari, tunakuja na sururu na mtaimbo, na shimo moja linakula muda wa mashimo kadhaa ya vuli. Tofauti ya bei mnayolalamikia ni hiyo.

Tafadhali pia msitusaidie kwa mizoga. Mteja mmoja alibeba mbuzi aliyekufa akamweka karibu na mitego yetu ili "koyote waje haraka." Hairuhusiwi kutega ndani ya futi 20, yaani kama mita 6, kutoka kwenye chambo kinachoonekana na ndege walao nyama, na tai wenye kichwa cheupe wako wengi huku wakati wa baridi. Tuling'oa kila kitu siku hiyo hiyo. Sheria ya kuwalinda tai ipo tangu 1940, na faini yake inaweza kufika dola 100,000 pamoja na kifungo. Sumu hatutumii, hata tukibembelezwa. Mizoga na kondo la nyuma visitupwe nyuma ya banda, maana ndivyo vinavyowaita.

Ziara ya kwanza nayo tunailipisha, na hapo pia kuna manung'uniko. Mama mmoja alituita kwa koyote, tukakuta mbuzi wengi wameng'atwa masikio na miguu ya nyuma, hakuna aliyeliwa. Koyote kwa kawaida hushika koo. Nyayo kwenye theluji zilikuwa za duara, zinazurura huku na kule, ilhali za koyote ni ndefu kidogo na hufuata mstari ulionyooka. Walikuwa mbwa wa jirani. Hatukutega, tukamdai ziara, akaona ameibiwa. Angelipia mwezi mzima wa mitego kama tungenyamaza. Tukikuta dalili za mbwa mwitu mkubwa wa kaskazini pia hatugusi: analindwa na serikali kuu, na jimbo lina utaratibu wa fidia kwa mifugo anayoiua. Kwa koyote fidia hakuna.

Hatuahidi kuwamaliza koyote. Wanapandana Januari hadi Machi, mimba ni kama siku 63, na vijana wanaotafuta makazi hujaza nafasi. Tunachofanya ni kumwondoa yule aliyezoea zizi lako wakati mbuzi wanazaa. Uzio wa umeme nao uangalieni, kwa sababu mnyama aliyesimama juu ya theluji kavu anaweza asipigwe kabisa kama nyaya zote zina umeme na hakuna waya wa ethi, yaani ule uliounganishwa na ardhi, kati yake.

Nafasi za vuli tunaanza kuzipokea Septemba. Mitego iliyopo kwa wateja wa sasa inakaguliwa kila asubuhi mpaka mwisho wa Machi, na anayetaka kutembea nasi aone anachokilipia anakaribishwa, avae buti za mpira na mbwa wake abaki amefungwa.