Mama alale wapi Santo Domingo

Tanga

Shoga yangu mpenzi Mwanaidi,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto wote huko New Jersey. Sisi hatujambo, mvua tumepata ya kutosha na maembe yameanza. Barua yako imenifurahisha sana. Mdogo wetu anaoa, na anaoa binti wa Kidominikana! Mungu awape masikilizano. Najua Washington Heights, ule mtaa wa Wadominikana kule New York, ndiko walikokutana, na najua pia wazee wa bibi harusi hawatakubali harusi ifungwe kwingine ila kwao Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika. Sasa unaniuliza wewe, mama na shangazi zetu wawili mlale wapi pawe salama na pasiwamalizie pesa. Nimekaa mji ule nikifanya kazi, nikapangisha, nikahamahama, na wageni wangu niliwatafutia mahali pa kulala mimi mwenyewe. Nitakwambia yote ninayoyajua.

Kwanza kabisa, usianze na hoteli, anza na mtaa. Utaona kwenye simu picha za vitanda vyeupe na mito iliyopangwa vizuri, bei dola 25, na moyo utakwenda mbio. Picha haikuonyeshi saa tatu usiku nje ya mlango pakoje. Santo Domingo ni jiji kubwa lenye mamilioni ya watu, na nyumba nzuri inaweza kuwa kwenye kichochoro ambacho hata wenyeji hawakipiti giza likiingia.

Mimi ningewaweka Zona Colonial, ule mji wa kale ulio ukingoni mwa mto Ozama. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1990, na kwa sababu watalii wote hupita pale, polisi wa utalii wanaoitwa CESTUR utawaona kila kona. Ukitafuta, tafuta upande wa mashariki na kusini: mitaa ya Las Damas, Isabel la Católica, Arzobispo Meriño na Hostos, karibu na bustani ya Parque Colón na kanisa kuu la kale. Pale mama anaweza kutoka asubuhi akakaa kwenye benchi chini ya miti akaangalia watu, bila kuhitaji gari. Ukipanda kaskazini kuelekea Avenida Mella, bei zinashuka, lakini usiku mitaa inakuwa mitupu. Mtaa wa El Conde, ule wa kutembea kwa miguu, mchana una raha kweli, ila maduka yakishafungwa si mahali pa wanawake wanne kutembeatembea na pochi begani.

Kama mkikosa pale, nenda Gazcue, magharibi ya mji wa kale. Ni mtaa wa nyumba za zamani zenye miti mikubwa, Ikulu yao iko huko huko, na ni kimya zaidi. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinataka teksi. Zile hoteli ndefu za Malecón, barabara ya pwani, ni salama ndani, lakini utalipa mara mbili, na ukitoka nje unakutana na barabara pana ya magari tu. Sizipendi kwa ajili yenu.

Ya Boca Chica, mji wa ufukweni, achaneni nayo. Mnakwenda harusini.

Sasa nyumba yenyewe. Mimi nilikaa mtaa wa Hostos, si mbali na magofu ya hospitali ya San Nicolás de Bari iliyoanza kujengwa mwaka 1503. Ilikuwa nyumba ya wageni ya vyumba vichache. Ukiingia unapita mlango mkubwa wa mbao, halafu geti la chuma ambalo halifunguki mpaka mtu wa ndani abonyeze, halafu unatokea uani: vyumba vyote vinauzunguka ua, kama nyumba za Mji Mkongwe kule Unguja. Mlinzi, guachimán kama wanavyomwita, alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mlango na geti usiku kucha, na kila mgeni alimjua kwa sura. Hicho ndicho ninachokutakia: milango miwili, mtu aliye macho, na chumba kinachotazama uani. Chumba kinachotazama barabarani kina roshani nzuri ya kupigia picha, lakini duka la kona, colmado, linapiga muziki kwa spika zinazotikisa kifua, na wikiendi hawalali. Shangazi atalia. Omba habitación interior, chumba cha ndani, tena cha chini, maana ngazi za nyumba zile ni za mawe na ni kali, na magoti ya mama unayajua. Madirisha yote yana nondo. Uliza kama nondo za chumba chenu zina mlango unaofunguka kwa ndani, ili moto ukitokea pawe na pa kutokea.

Swali la pili ni la umeme, na hili liulize kabla ya bei. Umeme unakatika, wakati mwingine kwa saa kadhaa, na joto la pale ni joto la Tanga la mwezi wa pili. Uliza: ¿hay planta? Planta ni jenereta. Wakikujibu wana inversor, maana yake ni betri, taa na feni zitawaka lakini kiyoyozi mara nyingi hakitawaka. Umeme unafungamana na maji: nyumba nyingi zina kisima cha kuhifadhia maji chini na tangi juu ya paa, na pampu ndiyo inayoyapandisha. Pampu isipokuwa na umeme na tangi likakauka, mnaoga kwa kopo. Maji ya bomba hayanywewi. Nyumba nzuri huweka dumu kubwa la maji ya kunywa, botellón, sebuleni, na wageni wanajazia chupa zao bure. Na mwambie mama asibebe birika lake la umeme. Kule ni volti 110 na plagi za Kimarekani, kwa hiyo chaja zako wewe zitaingia bila taabu, lakini birika la kutoka Tanga halitaingia, na hata likiingia kwa adapta litachemsha polepole mno.

Jengo lenyewe ulitazame pia. Mwezi wa nne mwaka 2025 paa la ukumbi mmoja wa muziki mjini pale liliporomoka usiku watu wakicheza, wakafa zaidi ya 230. Msiba ule uliigusa karibu kila familia, huenda hata wakwe zenu. Mkiingia chumbani inueni macho: dari yenye nyufa kubwa, saruji inayobanduka, madoa ya maji. Mkiona hivyo ombeni chumba kingine au ondokeni. Ndiyo maana nakusihi usilipie siku zote mapema. Lipia siku mbili za mwanzo, tazameni, halafu ongezeni.

Pesa. Kwa bei nilizozizoea, chumba safi chenye choo chake na kiyoyozi katika mitaa niliyokutajia ni dola 45 hadi 70 kwa usiku. Chini ya hapo jiulize kinachokosekana. Lakini bei unayoiona mara nyingi si bei utakayolipa: kodi yao ya mauzo ni asilimia 18, na hoteli huongeza asilimia 10 ya huduma. Chumba cha dola 50 kinageuka 64. Vyumba vitatu kwa siku tano, hizo ni dola 210 juu ya hesabu yako. Kwa hiyo andika ujumbe uulize bei ikiwa na kila kitu ndani yake, na jibu ulihifadhi. Mtu akikutaka utume pesa kwa njia ya pembeni, nje ya programu uliyobukia, ili akupunguzie, mwache.

Na ukiona kwenye barabara za kuingilia mjini, au hata kwenye orodha za simu, mahali pa bei poa sana panapoitwa cabaña turística, penye gereji ya kila chumba na pazia la kufichia gari, pita. Ni gesti za saa. Usimpeleke mama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya watalii havikwambii, na ndilo linalonikaa rohoni. Sisi ni weusi, Mwanaidi, na katika nchi ile weusi wetu unasomwa kuwa Uhaiti, yaani watu wa Haiti, nchi jirani kwenye kisiwa kile kile. Serikali ilitangaza mwezi wa kumi mwaka 2024 kwamba itarudisha Haiti watu wasio na vibali hadi 10,000 kila wiki, na magari ya uhamiaji yanazunguka mitaani yakiokota watu kwa kutazama sura. Ubalozi wa Marekani wenyewe ulitoa tahadhari Novemba 2022 kwamba wasafiri wake weusi wamezuiwa na kuhojiwa kwa sababu ya rangi. Sikutishi. Wageni wa harusi wanaopanda teksi kutoka hotelini hadi ukumbini mara nyingi hawaguswi. Lakini shangazi akitoka peke yake asubuhi kununua ndizi, kanga kiunoni, hajui neno la Kihispania, nataka awe na nakala ya pasipoti yenye muhuri wa kuingia, na kadi ya hoteli yenye jina na simu, ndani ya mkoba mdogo wa shingoni. Pasipoti zenyewe ziwekwe kwenye sefu. Na mwenye nyumba awe amewaona wote wanne, anawajua kwa majina, ili akipigiwa simu aseme bila kusita: hawa ni wageni wangu.

Pale nilipokaa kulikuwa na dada aliyefua mashuka, mzaliwa wa nchi ile ile, wazazi wake Wahaiti waliokuja kukata miwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba watu kama yeye, waliozaliwa tangu mwaka 1929 kwa wazazi wasio na vibali, hawakuwa raia kamwe. Siku zilipovuma habari za magari ya uhamiaji, mwenye nyumba alimtandikia chumba cha nyuma akalala pale pale, akala meza moja na sisi, na mshahara wake haukukatwa. Niliona nyumba nyingine ambako mfagizi wa namna ile alitumwa nje usiku pasipo kujali. Ninaposoma maoni ya wageni siku hizi, natafuta wanavyowataja wafanyakazi: kama ni wale wale mwaka baada ya mwaka, kama wanatajwa kwa upendo. Nyumba inayomlinda mfuaji wake itakulindia mama.

Mengine ni mepesi. Kiwanja cha ndege cha Las Américas kiko mashariki, karibu kilomita 30 kutoka mjini, na mnavuka mto Ozama kuingia mji wa kale. Mwombe mwenye nyumba awatumie dereva anayemjua, bei mkubaliane kabla. Bodaboda zao, motoconcho, msizipande na mizigo. Kabla ya kusafiri mtajaza fomu ya mtandaoni ya kuingia nchini. Ni bure, anayedai pesa ni tapeli, na inauliza mtafikia wapi, kwa hiyo uwe na anwani ya nyumba mkononi. Harusi ikiwa Novemba, bado ni msimu wa vimbunga, unaoanza Juni hadi mwisho wa mwezi huo. Chagua mahali panapokuruhusu kuahirisha bila kupoteza pesa. Ikisogea Desemba mpaka Krismasi, buku sasa hivi, maana Wadominikana wote wa New York wanarudi nyumbani na vyumba vinakwisha.

Chakula cha asubuhi mama atakipenda: mangú, ndizi mbichi zilizochemshwa zikapondwa, na vitunguu vya siki juu, na jibini ya kukaanga na mayai. Vinakuja na vipande vya salami, na salami yao mara nyingi ina nguruwe. Waambie sin salami tangu siku ya kwanza, wamkaangie kwenye kikaango kisafi. Msikiti upo mjini, wa Al-Noor, shangazi wakitaka. Kwa sala za chumbani, kibla ni mashariki ukipinda kidogo kaskazini. Bahari iko kusini, kwa hiyo ibaki mkono wenu wa kulia.

Wakwe wakikwambia mlale kwao, usikatae haraka. Watu wale wana ukarimu wa kweli. Kama nyumba ni kubwa na mtaa ni mzuri, shangazi mmoja alale kwao usiku wa kuamkia harusi, heshima ikae. Lakini mama awe na chumba chake anachoweza kujifungia akapumzika, maana sherehe zao zinakwenda mpaka alfajiri na hakuna atakayemwonea huruma.

Ukishapata nyumba mbili au tatu, nitumie majina yake kabla hujalipa. Nitawapigia mwenyewe kwa Kihispania, niulize habari za planta, chumba cha chini na kodi, na nitajua kwa sauti ya anayepokea kama panafaa. Mfikishie mama shikamoo yangu, na bwana harusi mwambie suti asishonee huko, aje na vipimo vyake, fundi wa Barabara ya Kumi na Tatu hapa Tanga bado yupo.

Wako shoga yako,
Rukia